Mfu Niliyemvika Viatu vya Baba Yangu

Kwako Papa, mwanangu Banza,

Habari za sabuni, za kuchemsha maji na za kutolala na nguo mbichi mama yako amekwisha kukupa, na mjomba wako huko Mulungwishi unakokwenda kusoma atazirudia, kwa hiyo mimi sina la kuongeza. Nimekaa mezani, upande wangu ule ule. Nyinyi mko chumbani mnafunga sanduku, namsikia mama yako akikugombeza kwa ajili ya soksi. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka tangu viwanda vya hapa Panda vilipoanza kufa na mshahara ukawa hadithi, lakini uchovu huu wa leo ni mwingine. Juma lililopita uliniuliza, "Papa, weye pia unaniogopaka?" Sikukujibu. Tangu siku ile nimejaribu mara kadhaa kwa mdomo, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula. Basi nakujibu kwa kalamu.

Nianze na jina, maana shida yote imepitia hapo. Baba yangu alikufa ukiwa tumboni, ukapewa jina lake, na tangu hapo nakuita Papa. Kwetu anayebeba jina la mtu hubeba na heshima yake. Nilipotaka kukuchapa, nyanya yako alikuwa akiniuliza, "Unapiga baba yako?" na fimbo ikabaki hewani. Umeponea hapo mara nyingi, nawe ulijua, mjanja wewe, ulikuwa unakimbilia nyuma ya gauni lake kabla hata sijasimama. Tulikuwa tukikuambia unatembea kama yeye, unakula kama yeye, unakohoa kama yeye. Tulisema kwa furaha. Sikufikiria kwamba mtoto anayeambiwa hivyo kila siku anaamini.

Ule mchezo uliletwa na Monsieur Luc, yule Mfaransa kijana aliyekuwa akifundisha hesabu. Mimi nilikuwa karani wa stoo, yeye alikuja kuomba mbao za kutengenezea madawati, tukaanza kuzoeana. Ijumaa alikuwa akituita watu watatu au wanne nyumbani kwake. Mmoja anasimulia dunia isiyokuwepo, yenye wafalme na wachawi na miji chini ya milima. Wengine kila mmoja ni mtu ndani ya dunia ile, anasema anafanya nini, na dadu za pande nyingi zinaamua kama amefaulu. Niliona ni upuuzi. Baada ya Ijumaa chache nilikuwa wa kwanza kufika. Mji ulipoporwa, wageni wakaondoka, naye kabla ya kwenda alinipitia na sanduku la kitabu cha mchezo na dadu, akaniambia nilitunze mpaka atakaporudi. Hakurudi, na simlaumu.

Kazi ilipolala, Jumapili zikawa ndefu sana. Tukitoka kanisani hakukuwa na kitu cha kufanya ila kuangaliana. Ndipo nikalitoa sanduku, nikawaita mezani wewe, rafiki yako Didier na wale mapacha wa nyumba ya pembeni. Mama yako alikuwa anapika na mlango wa jikoni uko wazi, jua linawaka, kuku wanapita chini ya miguu. Hapo ndipo nilipotaka kuwaogopesha watu, saa nane mchana.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilikuwa nimemtunga Kapita wa Mlima, msimamizi wa wachimbaji aliyekufa zamani lakini hajaacha kusimamia, nikamtoa kaburini mara moja: macho mekundu, mifupa mitupu, sauti ya pipa. Didier akauliza, "Anavalaka caleçon, ao iko buchi bila nguo?" Mkacheka mpaka mapacha wakaanguka kwenye kiti. Mkamuua kabla uji haujaiva. Nilicheka na nyinyi, lakini moyoni niliumia. Nilikuwa nimefanya kazi juma zima kumtengeneza mtu wa kutisha, na nyinyi mmemmaliza kama panya.

Nikajifunza polepole. Kwanza nilimficha. Nilimrudisha mlimani na kwa Jumapili nyingi hamkumwona hata kisigino. Mlichokiona ni alichokiacha: mbwa wa mji walioacha kubweka, mstari wa wachimbaji asubuhi wenye mtu mmoja aliyezikwa juma lililopita, amesimama na wenzake, ameshika sururu, hasemi. Halafu nikawapa mtu wa kumpenda. Unamkumbuka yule mama muuza maandazi wa kwenye lango la mji? Nilimwacha awalishe, awatanie, awashonee nguo zilizopasuka, bila jambo lolote baya kumfika. Hofu haishiki mahali pasipo na kitu cha kupoteza. Siku mliporudi na kukuta kiti chake bado kina joto, mafuta yanachemka motoni, na sakafuni alama za viatu zinazoingia zisizotoka, wewe ulisema kwa sauti ndogo, "Minye siingii." Nami nikajua nimeanza kuelewa.

Na nikampa Kapita sababu. Mfu anayeua kwa kupenda kuua anachosha upesi. Huyu wangu hakuwa na chuki na mtu. Aliambiwa zamani ahesabu watu wake wasipungue, na aliyemwambia alikufa bila kumwambia aache. Kwa hiyo kila mtu wake akipungua, anakwenda mjini kuchukua mwingine. Hakimbii, hagombani, anafika tu. Mlimkata kichwa, mkamchoma moto, na Jumapili iliyofuata alikuwa kazini, kwa sababu kilichomsimamisha hakikuwa katika mifupa yake. Nilijivunia sana jambo hilo. Bado najivunia kidogo, nikuambie ukweli.

Lakini alikosa kitu cha kumtangulia, alama mtakayoisikia kabla hajafika. Nilitafuta, nikakosa, halafu nikaenda kuichukua mahali nisipopaswa kugusa.

Babu yako aliletwa Panda akiwa kijana kutoka upande wa Kabongo, akafanya kazi kwenye tanuru mpaka kifua kikaharibika. Alipopumzishwa, mwili wake haukusikia habari hiyo. King'ora cha alfajiri kikilia, alikuwa anaamka na usingizi wake, anavaa viatu vya kazi bila kufunga kamba, anakwenda mlangoni. Mama yangu alikuwa anamshika mkono na yeye anamwambia, "Niache, banaita ku kazi." Mimi nilikuwa kijana mzima chumba cha pili, nilikuwa nasikia kila kitu, nami nilivuta shuka nikajifanya nimelala. Niliogopa. Niliogopa kumwona baba yangu ametumwa na king'ora wakati yeye mwenyewe hayumo.

Basi nikamvika Kapita viatu vile visivyofungwa kamba. Nikampa kikohozi cha babu yako, mara mbili, kifupi, na namna yake ya kugonga mlango kwa kucha badala ya ngumi. Jumapili ile mlikuwa mmejifungia katika ghala la mlimani. Nilikohoa mara mbili, nikakwaruza meza kwa ukucha. Dadu ilimtoka Didier mkononi. Mapacha walishikana. Hata mama yako alisimama jikoni na mwiko mkononi. Nilijisikia mtu, Banza, baada ya muda mrefu wa kujisikia si kitu. Mtu asiye na kazi akipata jambo moja analolijua, hulishika kwa meno. Wewe peke yako hukushtuka. Uliangalia mkono wangu, halafu ukaangalia wako. Niliona, nikaendelea.

Yaliyofuata unayajua, ila hujui mimi nilikuwa wapi ndani yake. Didier alishikwa na malaria, homa ikapanda, akawa anaweweseka. Mama yake alikuja hapa na yule mama kiongozi wa maombi wa mtaa wetu. Wewe ulikuwa unaosha sufuria uani. Mama Didier hakukaa.

"Voisin, jirani, mutoto yangu analala, anasema: amekohola mara mbili, amefika ku mulango. Ule ni nani?"

Nikamwambia, "Ni muchezo tu, mama. Ni jeu ya batoto."

"Muchezo? Minye nilikuwa jirani ya muzee. Viatu bila kamba, kugonga na kucha, kukohola vile, njo yeye mwenyewe! Muzee tulimuzika, tulilia matanga. Sasa jina yake iko kwa nani?"

Wote wawili wakageuka wakakuangalia. Na mimi pia nikakuangalia.

Ilikuwa sekunde ya kusema maneno machache tu: ni mimi niliyetunga, nimeyachukua kwa baba yangu, mtoto hamo. Sikuyasema. Mama Didier alikuwa akitugawia unga wake siku ambazo hatukuwa na kitu, nami niliogopa kubaki peke yetu katika mtaa huu. Nilisema, "Kama ni maombi, maombi haiko mubaya." Wakakuchukua. Ulifungishwa bila chakula, ukawekwa katikati ya chumba, wakakuwekea mikono wakimkemea babu yako atoke. Mimi nilikuwa nje, nimevua kofia kama mtu aliye kwenye msiba. Nilikusikia ukisema, "Minye ni Banza, minye ni Banza," na wao wakizidi kukemea, maana babu yako naye ni Banza, na kwao hilo ndilo lilikuwa jibu baya. Sikuingia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi sikungoja mjukuu, yamenijia kwa mtoto.

Uliporudi sikukugusa. Nadhani hilo uliliona kuliko mengine yote. Nilikwenda moja kwa moja kulichoma sanduku la Monsieur Luc uani, nikidhani nafunga maneno. Zile dadu zilinuka mtaa mzima. Watu wakasema, "Mumeona? Yeye mwenyewe ameunguza, alijua!" Maji yakishamwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimechukua ndoo nikaipiga teke tena.

Didier alipona kwa dawa za dispensari na kwa maombi, mimi sigombani na Mungu wala na kwinini. Lakini wewe ndiwe uliyebaki na ugonjwa wake. Wamama wakawa wanaita watoto ndani ukipita. Mapacha wakahamia upande mwingine wa benchi kanisani. Siku moja ulirudi kutoka bombani mapema sana, ndoo imejaa, unalia. Nilifikiri wamekupiga. Ukasema hapana, foleni yote ilisogea, wakakuachia uchote wa kwanza. Nilikupokea ndoo.

Sasa nifike kwenye lile swali. Juma lililopita nilikuwa nimesinzia kwenye kiti hiki, mchana. Nikasikia kikohozi mlangoni, mara mbili. Nilisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Ulikuwa wewe, na mfuko wa viazi vitamu aliokupa shangazi yako. Uliangalia kiti, ukaangalia uso wangu, ukaniuliza. Nami nikasema, "Umekula?"

Jibu ni hili: ndiyo, niliogopa. Ningekudanganya, ungejua. Mtunzi anaweza kuogopa kitu alichokitunga mwenyewe, hasa akikitunga kwa vitu vya nyumbani. Lakini baada ya wewe kwenda kulala nilibaki nikijiuliza kwa nini unakohoa kabla ya kuingia, na nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau miaka yote hii.

Nilipokuwa mdogo sana, baba alirudi siku moja kutoka zamu ya usiku na uso mweusi kwa moshi, macho tu ndiyo yanang'aa. Aliingia kimya. Nilipiga kelele mpaka nikajikojolea. Alikaa chini kizingitini, hakunisogelea, akangoja mama aninyamazishe. Tangu asubuhi ile hakuingia tena nyumbani bila kukohoa kwanza akiwa mbali, mara mbili, ili nijue ni yeye. Nilipokua nilimuuliza. Akasema, "Nyumba iko na batoto. Muntu haingiaka tu vile." Na alikuwa anagonga kwa kucha kwa sababu vifundo vya vidole viliungua kwenye tanuru, vikawa vinamuuma. Hayo ndiyo yote. Kile nilichokitumia kuwatisha watoto wa watu ni kile alichokuwa anakifanya ili asimtishe wake. Nyanya yako alikufundisha wewe ukohoe hivyo hivyo, nawe siku ile ulikohoa usinishtue, nami nikaangusha kiti.

Nimekaa na jambo hili nikaona kosa langu lilipo. Kumtengeneza mfu wa hadithi si kazi ngumu: mchukue mtu, mwachie anachofanya kila siku, mwondolee yule anayemfanyia. Ndivyo nilivyomkata baba yangu nusu. Nilitoa viatu na kikohozi, nikamwacha mtu kaburini, na kwa kuwa hukumkuta hai, nusu hiyo ndiyo pekee uliyoijua. Haya, shika nyingine. Alikuwa anakula ganda la mkate na kunipa mimi sehemu yake laini ya ndani, akidai ganda linaimarisha meno, na meno hakuwa nayo. Aliiba kwenye mchezo wa dama bila aibu yoyote. Aliimba vibaya kanisani, kwa nguvu. Hakula kambare kwa sababu alisema anafanana na bosi wake wa kwanza. Alipokuwa anakufa hakuita kazi, aliuliza kama mama yako amepata kiti cha kukalia, maana alikuwa na tumbo kubwa, na tumbo lile lilikuwa wewe. Ukisikia mtu anasema babu yako yumo ndani yako, sasa unajua ni nani wanayemsema.

Najua utasimulia tena. Nilikusikia ukiwasimulia watoto wa shangazi yako, na nimeona kwamba unangoja vizuri kuliko mimi, hukimbilii kumtoa mfu wako. Usiache kwa sababu yangu. Ila ukichukua kitu cha mtu aliyeishi, mwombe kwanza, na kama amekufa, waulize waliomzika. Ukiwatisha watu, kaa nao mpaka wacheke kabla hawajaenda kwao, usiwaachie waipeleke hofu nyumbani. Na yakija maneno, wewe uliyetunga ndiwe usimame. Hili la mwisho mimi nimelijua nikiwa nimechelewa.

Kuhusu jina, yule mama wa maombi alitaka uandikishwe shuleni kwa jina la ubatizo tu, la babu liachwe hapa. Mama yako amekubali kwa sababu anataka ulale usingizi. Mimi nasema uamue mwenyewe. Ukiliacha, sitakasirika, na babu yako, kwa nilivyomjua, angesema tu kwamba lilikuwa linambana. Ukilibeba, libebe lote.

Hatukufukuzi. Kule walimu wanafika darasani, hapa wanafika wanapopata nguvu, na hiyo ni sababu ya kweli. Lakini mtaa huu umechangia, na kosa la mtaa huu lilianzia kwenye meza yangu. Nisamehe. Kama bado huwezi, ngoja uweze, mimi nipo.

Kitu kimoja zaidi. Mama yako alikuwa amepanga lori la mjomba lipite nyuma ya nyumba kabla hakujapambazuka, uondoke mtaa ukiwa umelala. Nimemkatalia. Lori litangoja kwenye barabara kubwa na sisi tutatembea kulifuata, jua likiwa limekwisha kuwaka na watu wako nje wanafagia. Tutapita mbele ya nyumba ya Mama Didier, tutapita bombani kwenye foleni. Sanduku nitabeba kichwani, mkono mmoja umelishika. Kwa mkono mwingine nitakushika wewe. Najua umekua na utaona haya kushikwa mkono kama mtoto wa chekechea. Vumilia, Papa. Nataka wauone mkono wangu ulipo.

Mimi,
Baba yako